"Bima kubwa ipo, dada"

Kijana wa yadi ya magari ya kukodi alipiga boneti kwa kiganja mara mbili, kama mtu anayemsifia ng'ombe mnadani, akaniambia, "Bima kubwa ipo, dada. Wewe endesha tu." Nikatia saini. Ilikuwa Sinza, Desemba 2022, siku mbili kabla ya harusi ya binti wa mjomba kule Lushoto. Noah ya watu saba, laki moja kwa siku, siku nne, amana laki tatu. Nilipewa karatasi mbili zilizobanwa kwa pini. Ya kwanza, yenye jina langu na namba ya leseni, niliisoma. Ya pili niliipitia juu juu, maana mama alikuwa ameshapiga simu mara mbili kuuliza kama gari limepatikana.

Naandika haya kwa sababu maneno ya yule kijana yalikuwa kweli. Bima kubwa, ile inayolipia hata gari lenyewe, ilikuwepo. Niliiona baadaye kwa macho yangu: imelipiwa, haijaisha muda, stika yake ni halali. Na haikulipa hata shilingi moja. Karibu kila mtu ninayemfahamu hukodi gari angalau mara moja kwa mwaka, kwa harusi, kwa msiba, kwa kumpeleka mtoto bweni, kwa kwenda kula Krismasi Moshi, na karibu wote huuliza kama nilivyouliza mimi: bima ipo? Wakijibiwa ipo, wanachukua ufunguo. Nilifanya hivyo hivyo, na ilinigharimu mwaka mzima.

Harusi ilikwenda vizuri, sina la kusema. Jumatatu asubuhi tukaanza kurudi. Kulikuwa na manyunyu. Anayeijua barabara ya Lushoto kushuka Mombo anajua kipande cha Soni: kona zimebanana, mlima upande mmoja, korongo la mto upande wa pili, na malori ya mboga yanapanda na kushuka tangu alfajiri. Lori moja lilikata kona likaingia upande wangu. Nikakwepa kuelekea mlimani, tairi la kushoto likatumbukia kwenye mfereji wa maji, pua ya gari ikapiga ukuta wa mawe. Lori halikusimama.

Mama mdogo alikuwa kiti cha mbele. Alijikinga kwa mkono wa kulia na kifundo kikavunjika. Wengine walipata mshtuko tu, na mtoto mmoja alichubuka kipaji cha uso. Afande aliyefika kutoka Mombo alikuwa mtu mzima, mtulivu. Aliniambia, "Mama, kwanza mgonjwa, gari baadaye," akatuandikia PF3, fomu ya polisi ya matibabu, ili tupokelewe hospitali Korogwe. Gari lilikaguliwa kesho yake, ikaandikwa ripoti ya ukaguzi ya polisi, ile ambayo bila hiyo kampuni ya bima haianzi hata kukusikiliza. Nilimpigia mwenye yadi. Hakufoka. Alisema tena maneno yale yale: bima kubwa ipo, poleni sana, muuguzeni mama.

Baada ya wiki mbili nikaitwa kuonana na asesa, mkadiriaji wa hasara aliyetumwa na kampuni ya bima. Kijana mpole, ana kamera na daftari. Alilizunguka gari pale gereji, akapiga picha rejeta iliyokunjika, boneti, taa, fenda, na mguu wa mbele uliokwenda nyuma. Kisha akaniuliza swali ambalo sikulitegemea: "Gari hili ulipewa na mwenyewe, au ulilikodi?"

Nikamwambia nilikodi. Sikuona sababu ya kusema vingine, na hata leo nisingesema vingine. Aliandika mstari mmoja. Mstari huo ndio uliomaliza kila kitu.

Barua ya kampuni ilipokuja, haikwenda kwangu. Ilikwenda kwa mwenye gari, kwa sababu yeye ndiye aliyekata bima. Hilo nalo sikuwa nimelijua: kwa kampuni ile, mimi sikuwa mteja wala sikuwa na la kudai. Ilisema kwamba gari limekatiwa bima kwa matumizi binafsi, kwamba wakati wa ajali lilikuwa limekodishwa kwa malipo, na kwamba kwa hiyo madai hayawezi kulipwa. Rafiki yangu mmoja mwanasheria aliisoma hati yote ya bima usiku mmoja, mezani kwangu, akaifunga akasema maandishi yako wazi na hana mahali pa kushika.

Hapa nataka kukaa kidogo.

Kila bima ya gari ina kipengele cha mipaka ya matumizi. Wengi hatukisomi kwa sababu hatujui kama kipo. Kwa gari binafsi, kipengele hicho husema gari litatumika kwa shughuli za kijamii, za nyumbani na za mapumziko, na pengine kwa safari za kazi za mwenye gari mwenyewe. Halafu kinataja yasiyoruhusiwa, na la kwanza karibu kila mara ni kukodisha, pamoja na kubeba abiria au mizigo kwa malipo. Nilipokielewa sikuweza kukiona ni cha uonevu. Gari linaloendeshwa na mtu mmoja kutoka Mbezi kwenda Posta na kurudi, mtu anayelijua breki zake na anayelipenda, halifanani na gari linalopita mikononi mwa watu 40 kwa mwaka, kila mmoja akielekea barabara asiyoizoea, usiku, na gari limejaa ndugu. Hatari ni nyingine, kwa hiyo ada inapaswa kuwa nyingine. Mwenye gari aliyekata bima ya matumizi binafsi halafu akalipeleka yadi amelipia hatari ndogo akaibeba kubwa. Siku ya kudai, kampuni inamwambia hukutuambia ukweli.

Hesabu zenyewe ziko hivi, nazitoa kama nilivyoziona kwenye hati. Noah ile iliandikwa ina thamani ya shilingi milioni 18. Bima kubwa kwa gari binafsi ilikokotolewa kwa asilimia 3.5 ya thamani, yaani 630,000, ukiongeza VAT ya wakati ule ya asilimia 18 ikawa 743,400 kwa mwaka. Bima ndogo, ile ya mtu wa tatu ambayo hakuna gari linaloruhusiwa kutembea bila hiyo, kwa gari binafsi ilikuwa 100,000, na VAT ikafika ile 118,000 ambayo kila mwenye gari Tanzania alikuwa anaijua kwa kichwa. Mwenye Noah alikuwa amejitahidi kuliko wengi. Alilipa mara sita ya kile ambacho sheria ilimlazimisha. Ila alilipia gari la nyumbani.

Na dalili ilikuwa mbele ya macho yangu siku zote nne. Namba za gari lile zilikuwa za njano. Kwetu namba ya njano ni gari binafsi, nyeupe ni gari la biashara. Ukiikuta taksi au daladala ina nyeupe hushangai. Kwa nini basi hatushangai kuikuta yadi nzima, magari kumi yanayokodishwa kila siku, yote yamevaa njano? Sisemi kila namba nyeupe ina bima safi. Nasema njano pale yadi ni sababu ya kutosha ya kuomba hati ya bima kabla ya kutoa pesa. Stika peke yake haitoshi. Unaweza kuingia kwa simu yako kwenye TIRA MIS, mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini, ukaweka namba ya usajili, na ukaona kama bima ni halali na inaisha lini. Nafanya hivyo kila mara na nashauri kila mtu afanye. Ila uhalali wa stika na matumizi yaliyokatiwa bima ni maswali mawili, na mimi nililipia pengo lililo kati yake.

Tuseme basi bima ni ya kukodisha, imekatwa sawasawa. Je, aliyekodi amelindwa? Hapa ndipo nilipogundua kwamba hata neno lenyewe, "bima kubwa", linatuchanganya. Ni kubwa kwa mwenye gari. Bima ndogo inamwangalia mtu wa tatu: mwenda kwa miguu, dereva wa bodaboda, mwenye duka ambaye umeingia kibarazani kwake. Bima kubwa inaongeza gari lenyewe, ligongwe, liungue au liibwe. Mfuko wa aliyeshika usukani kwa siku nne hautajwi mahali popote. Huo unatajwa kwenye karatasi nyingine kabisa, ile ya yadi, ile ya pili iliyobanwa kwa pini.

Mama mdogo naye hakuwemo. Nilidhani abiria ni mtu wa tatu, maana si mimi na si kampuni. Katika bima za magari binafsi nilizozisoma tangu wakati ule, waliomo ndani ya gari hawahesabiki mpaka kipengele chao kiongezwe na kulipiwa kando. Bima yake ya afya, aliyokatiwa na mwanawe, ndiyo iliyolipa plasta na baadaye vyuma. Bila hiyo sijui tungefanya nini mwezi ule.

Nirudi kwenye karatasi ya pili. Nilikuja kuisoma nimekaa chini, na kalamu mkononi, wakati kuisoma hakunisaidii tena.

Kipengele kimoja kilisema mteja atalipa shilingi milioni 1.5 za mwanzo za uharibifu wowote. Watu wa bima wanakiita eksesi. Kampuni ya bima humkata mwenye gari kiasi fulani cha mwanzo katika kila madai, na mwenye gari anamsukumia mteja. Ni desturi ya dunia nzima na siipingi. Ninachosema ni kwamba maana yake ni nzito: hata bima ikilipa vizuri kabisa, wewe huanzi na sifuri, unaanza na milioni moja na nusu. Yadi ikikutajia laki moja kwa siku, bei kamili ni laki moja kwa siku pamoja na uwezekano wa milioni moja na nusu. Ni haki yako kuuliza hiyo ya pili ni ngapi, na ni haki yako kwenda yadi nyingine yenye ndogo.

Kipengele kingine kilisema siku zote ambazo gari litakuwa gereji kwa sababu ya ajali zitahesabiwa kama siku za kukodi. Hili lilinitoa machozi kuliko mengine. Bima kubwa ya kawaida inalipa kutengeneza gari, hailipi mapato ambayo mwenye gari anayakosa likiwa limesimama. Kwa hiyo hata katika hali nzuri kabisa, fundi akichelewa wiki mbili kwa sababu taa imeagizwa na haijafika, wewe uliyekwisha rudi kazini unadaiwa laki kila jua linapochwa. Leo sitii saini kipengele hicho bila ukomo. Ninaomba iandikwe kwa mkono "isizidi siku saba" na pande zote mbili ziweke saini pembeni. Yadi mbili zilikubali bila ubishi. Moja ilikataa, nikaondoka.

Na cha mwisho: mteja atawajibika kwa hasara yoyote ambayo bima haitailipa, kwa sababu yoyote ile. Kwa sababu yoyote ile! Yaani hata kama bima haikulipa kwa kosa la mwenye gari mwenyewe kuikata vibaya. Ndicho kilichonifunga.

Jumla ilikuwa hivi. Gereji, pamoja na vipuri vya mtumba na kunyoosha bodi, 6,350,000. Siku 19 za gari kusimama, 1,900,000. Kulivuta kutoka Mombo mpaka Dar, 700,000. Milioni nane, laki tisa na elfu hamsini. Ukitoa amana yangu ya laki tatu, ikabaki 8,650,000. Mshahara wangu wa wakati ule sitautaja, ila mume wangu alikaa kimya jioni nzima.

Mjomba, baba wa bibi harusi, ndiye aliyesema tusikimbilie mahakamani wala polisi, tukae kwanza. Tukakaa, sebuleni kwake Tabata, mimi na mume wangu, mwenye yadi, na mtu ambaye sikuwa nimewahi kumwona: mwenye gari. Nilikwenda na hasira ya kumkuta tajiri. Alikuwa mwalimu mstaafu. Alikuwa amenunua Noah kwa kiinua mgongo chake, akaiweka yadi ili impe kitu kila mwezi, na yadi inakata sehemu yake. Wakala aliyemkatia bima alimwambia bima kubwa inatosha. Hakuna aliyemuuliza gari litafanya kazi gani, naye hakujua kwamba ni jambo la kutaja. Alisema, "Mwanangu, mimi na wewe tumeambiwa sentensi moja." Sijaisahau.

Yeye angeweza kupeleka malalamiko. Nchi ina ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, iliyoundwa chini ya Sheria ya Bima ya 2009 kwa ajili ya mteja wa bima asiyeridhika, na TIRA wenyewe wanapokea malalamiko. Alifikiri, akashauriwa, akaacha, kwa sababu sahihi yake ilikuwepo chini ya neno "binafsi". Akanisamehe nusu ya siku za gereji. Mwenye yadi hakusamehe kitu, ila alikubali nilipe kidogo kidogo. Nililipa 7,700,000 kwa awamu saba za milioni moja na laki moja, nikamaliza Oktoba 2023.

Kuna jambo moja la kisheria ambalo yule rafiki yangu alinionyesha, na limenikaa rohoni kuliko fedha. Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inasema si halali kwa mtu kutumia gari barabarani, wala kumsababisha au kumruhusu mwingine alitumie, kama matumizi hayo ya mtu huyo hayana bima ya madhara kwa mtu wa tatu. Kutumia, na kuruhusu. Mwalimu mstaafu aliruhusu, mimi nilitumia. Sheria ilituona wote wawili. Tuligonga ukuta. Kama ukuta ule ungekuwa mtoto anayetoka shule Soni, tungekuwa tunabishana na kampuni ya bima kuhusu neno "binafsi" huku mtoto yuko wodini. Nikifika hapo huwa naacha kufikiria.

Wasomaji wa Kenya wataona yanafanana na ya kwao. Sura yao ya 405 nayo inamlazimisha mwenye gari kumkinga mtu wa tatu, na imeweka ukomo wa shilingi milioni 3 za Kenya kwa mtu mmoja katika kile ambacho kampuni ya bima inalazimika kulipa. Hukumu ikizidi hapo, ziada inamtafuta mwenye makosa. Kwenye magari ya kukodi ya kuendesha mwenyewe, mazungumzo ni yale yale: hati inasema ni ya nani na ya kazi gani?

Na kama safari inavuka mpaka, uliza mapema. Nimesikia watu wanaokodi gari Dar kwenda Tanga wakifika kule wanaamua kuunganisha Mombasa kupitia Horohoro, kwa sababu ni karibu. Bima ya Tanzania inaishia Tanzania. Ng'ambo unahitaji Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo Tanzania inaitumia ingawa ilishatoka kwenye COMESA yenyewe, ile jumuiya ya kibiashara ya mashariki na kusini mwa Afrika, na kadi hiyo ni kwa ajili ya mtu wa tatu na matibabu ya waliomo ndani ya gari. Bodi ya gari lenyewe haimo, mpaka kampuni ikubali kuongeza eneo kwenye bima kubwa. Zaidi ya hayo mkataba wa yadi karibu kila mara unakataza kuvuka mpaka bila ruhusa ya maandishi, na kuvunja sharti hilo kunampa kila mtu sababu ya kutokulipa.

Mwaka jana shemeji yangu alikuja kutoka Minneapolis na familia. Alitaka kukodi Alphard ya kwenda Mikumi na alikuwa na uhakika kabisa kwamba amelindwa, kwa sababu kule anakoishi hajawahi kununua bima kaunta ya uwanja wa ndege. Tulikaa naye usiku tukifungua karatasi moja baada ya nyingine. Kule Marekani, bima ya gari lake binafsi kwa kawaida inamfuata anapokodi gari lingine, lakini inamfuata ndani ya Marekani na Kanada, haipandi ndege kuja Dar. Kadi yake ya benki nayo ilikuwa na kinga ya magari ya kukodi, na masharti yake: malipo yote ya kukodi yapite kwenye kadi hiyo, na akatae kile wanachokiita CDW cha kampuni inayokodisha. Yadi tuliyokuwa tunakwenda inapokea pesa kwa simu. Sharti la kwanza limekufa hapo hapo. Na hata kama lingetimia, kinga za kadi za namna hiyo hulipa gari lililoharibika au kuibwa, hazimlipi uliyemgonga.

CDW yenyewe niliielewa usiku ule, na nadhani watu wengi wa huko wanaiita bima kwa mazoea. Ni ahadi ya mwenye gari kwamba gari likiharibika hatakudai, au atakudai mwisho kiasi fulani, ilimradi hukuvunja masharti. Unanunua kusamehewa mapema. Nilitamani yadi zetu ziwe na kitu cha namna hiyo, kimeandikwa waziwazi kwa Kiswahili: ukiongeza elfu kumi na tano kwa siku, eksesi inashuka kutoka milioni moja na nusu hadi laki mbili, ila matairi, vioo na sehemu ya chini ya gari havimo. Kampuni kadhaa kubwa zinazohudumia watalii zinafanya hivyo, kwa dola. Mtu anayekodi Noah kwenda kuzika baba yake Same anastahili kuelezwa kwa uwazi ule ule, kwa shilingi.

Mambo mengine nayapitia haraka kwa sababu wengi wanayajua. Piga picha mikwaruzo yote kabla ya kuondoka, na kilomita, na taa zinazowaka kwenye dashibodi. Hakikisha kila atakayeshika usukani ameandikwa kwenye mkataba na leseni yake ina daraja linalofaa. Shemeji kukupokea usukani Chalinze kwa sababu umechoka ni wema unaoweza kukupotezea haki zote. Pombe, huhitaji niseme. Angalia pia thamani iliyoandikwa kwenye bima. Gari linalouzwa milioni 30 sokoni likikatiwa bima ya milioni 20 ili ada ipungue, kampuni inaweza kulipa theluthi mbili tu za hasara, na theluthi iliyobaki, kwa ile "sababu yoyote ile", ni yako.

Watu wananiambia nikiuliza yote haya yadi watanichoka. Wapo walionichoka. Kijana mmoja Mwenge aliniambia, "Mama, wateja wengine wanachukua gari kwa dakika kumi." Nilimjibu kwamba najua, nilikuwa mmoja wao, nikamweleza habari ya mwalimu mstaafu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakuwa na hati ya bima ya gari lile, hakuwa ameiona hata siku moja, na alikuwa amelikodisha miezi minane.

Juni hii tulikwenda Lushoto tena. Mjomba alikuwa anaumwa na mama alitaka kumwona. Yadi ilikuwa nyingine, Kinondoni, gari Alphard, namba nyeupe. Niliomba hati ya bima. Kijana akasema stika ipo kwenye kioo. Nikasema stika nimeiona, naomba hati. Akampigia bosi wake, bosi akampigia wakala, na sisi tukakaa kwenye benchi karibu dakika arobaini, mama akila karanga, mama mdogo akiwa ameshapanda kiti cha mbele. Hakutaka kukaa nyuma, nilimbembeleza akakataa. Hati ikaja kwa WhatsApp, kurasa sita. Nikasogeza mpaka mahali pa matumizi.

"Wameandika nini?" mama mdogo aliuliza dirishani.

Nikamsomea kwa sauti: kukodisha kwa mteja kuendesha mwenyewe, abiria saba wamejumuishwa. Aliniomba nirudie hapo kwenye abiria. Nikarudia. Akavuta mkanda, akaufunga kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia hadi leo haugeuki mpaka mwisho, akaniambia twende kabla jua halijawa kali.